Karatasi, mashine au kijiji: njia tatu za kusomea jinsi akili inavyojua mahali

Mpwa wangu yuko mwaka wa mwisho wa shahada ya ualimu, na saikolojia ndiyo somo analolipenda. Majuzi alinitumia ujumbe usiku wa manane: "Shikamoo mjomba. Nataka kusomea jinsi watu wanavyojua njia. Nimeangalia vyuo mpaka nimechanganyikiwa. Niende wapi?" Nikamjibu marahaba, lala kwanza. Asubuhi nikampigia, na kabla ya habari za vyuo nikamuuliza: mji wa Unguja uko upande gani wa Dar es Salaam?

"Mashariki," akasema papo hapo. "Si kisiwa? Na bahari iko mashariki."

Nikamwambia afungue ramani kwenye simu. Mji wa Unguja uko kaskazini ya Dar, tena umeingia magharibi kidogo kuliko Posta. Boti ikishatoka mlangoni mwa bandari haielekei India, inapanda kaskazini na pwani ya bara iko kushoto kwake. Binti huyu amepanda boti hiyo si chini ya mara tatu. Nikampa la pili: Mombasa na Arusha, ipi iko kaskazini zaidi? Akajibu Mombasa, kwa kuwa Kenya iko juu ya Tanzania. Kakosa tena. Mombasa iko nyuzi 4 kusini ya Ikweta, Arusha ni nyuzi 3 na ushei. Na Bukoba yetu, iliyo Tanzania kabisa, iko karibu mstari mmoja na Nairobi.

"Basi mimi jiografia sifuri," akasema.

Hapana. Angekuwa anabahatisha, makosa yake yangetawanyika huku na huku. Yeye kakosa kwa mpango: kichwa kimenyoosha pwani iliyopinda, kikahifadhi nchi moja juu ya nyingine kama masanduku, halafu kila mji kikauweka kwa kufuata sanduku lake. Ukiwauliza watu mia, wengi watakosa upande uleule. Huo mpango wa makosa ndio kazi anayotaka kuifanya, na wapo watu walioitumikia maisha yao yote.

Nikamwambia asichague chuo kwanza. Aangalie watu watatu walioishi na swali hilihili, kila mmoja kwa njia yake, aone ni maisha ya nani angeweza kuyabeba. Yaliyofuata hapa ndiyo niliyomweleza, na mengine niliyoyakumbuka baada ya kukata simu. Mimi nafundisha takwimu kwa wanafunzi wa saikolojia. Si mtafiti wa mambo haya, ila data zao nimezishika sana.

Karatasi na kalamu: Barbara Tversky

Jina la ukoo huwachanganya watu. Amos Tversky, aliyeandika na Daniel Kahneman kuhusu jinsi watu wanavyofanya maamuzi, alikuwa mume wake. Amos alifariki mwaka 1996, na Kahneman akapewa Nobel ya uchumi mwaka 2002. Barbara ana habari yake mwenyewe, tena ndefu.

Alipata uzamivu Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1969, wakati ambapo wanasaikolojia wengi wa Marekani waliichukulia fikra kama aina ya maneno yanayosemwa kimoyomoyo. Yeye akaanza na picha: mtu akionyeshwa picha au jina, anahifadhi nini kichwani? Akafundisha Chuo Kikuu cha Kiebrania huko Jerusalem, kisha Stanford kuanzia miaka ya 1970 mwishoni, na mwaka 2005 akahamia Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Zingatia hilo la mwisho: ni chuo cha elimu. Wanaombeza mpwa wangu kwamba "ualimu si saikolojia ya kweli" wanasahau kwamba mmoja wa vigogo wa fani hii alihamia kwa walimu akiwa ameshakuwa kigogo.

Makala yake ya mwaka 1981 kuhusu ramani zinavyopindika kwenye kumbukumbu ndiyo niliyoiiba kumtega binti. Aliwauliza wanafunzi wa Marekani kama Roma iko kaskazini au kusini ya Philadelphia. Wengi walisema kusini. Ulaya na Marekani wamezipanga kichwani zimekaa bega kwa bega, na Roma ni mji wa joto, basi lazima iwe chini. Roma iko juu. Akawapa ramani mbili za Amerika, moja sahihi na nyingine ambayo Amerika ya Kusini imesogezwa ikakaa wima chini ya Amerika ya Kaskazini, na wengi wakachagua iliyosogezwa. Hata wenyeji wa jirani na Stanford waliamini kwamba Berkeley, iliyo ng'ambo ya ghuba ya San Francisco, iko mashariki yao, kumbe iko magharibi. Ghuba ile imelala mshazari, kichwani wameisimamisha.

Vifaa vya utafiti huo ni karatasi, kalamu na swali lililofikiriwa vizuri. Basi.

Miaka kumi na mbili baadaye akatoa hoja kwamba tulichonacho kichwani si ramani. Ni viraka: kipande ulichokiona kwa macho, kipande ulichosimuliwa, kipande cha ramani ya darasani, vyote vimeshonwa kwa uzi mbovu na havilingani pembe. Mimi naona hiyo ndiyo picha bora ya akili niliyowahi kuisoma, na mtu aliyewahi kuona kanga mbili zimeungwa na fundi mwenye haraka ataielewa mara moja.

Kuna jaribio lake jingine, la mwaka 1990, alilofanya na Nancy Franklin. Msomaji anapewa maelezo kwamba amesimama mahali, kuna kitu juu ya kichwa chake, kingine miguuni, mbele, nyuma, kulia na kushoto. Halafu anaulizwa, kitu fulani kiko wapi? Hujibu upesi zaidi kwa juu na chini, hufuata mbele na nyuma, na kulia na kushoto huchelewa kuliko zote. Sababu iko mwilini: mvuto wa dunia hutenganisha kichwa na miguu bila ubishi, uso na mgongo navyo havifanani, ila ubavu huu na ule ni pacha. Wazee wetu walilijua tatizo hilo wakatafuta dawa, wakauita mkono mmoja "wa kulia", mkono wa kulia chakula. Mtoto anayesita kati ya kulia na kushoto utamwona anatikisa vidole kana kwamba anamega ugali.

Kutoka hapo kazi yake ilitawanyika kila mahali. Aliwapa watu vipande vya meza ya televisheni na picha ya nje ya boksi tu, wakaiunda, kisha wakachora maelekezo kwa ajili ya mtu mwingine, na kutokana na michoro hiyo yeye na wahandisi wa kompyuta wakaandika programu inayochora maelekezo yenyewe. Hiyo ilichapishwa mwaka 2003. Mwaka mmoja kabla, yeye na wenzake walipitia tafiti za katuni zinazotembea kwenye masomo wakaonyesha kwamba mara nyingi hazifundishi zaidi kuliko picha tuli zilizopangwa vizuri. Somo hilo shule zetu zinazonunua projekta kabla ya madawati zingelisikia mapema. Mwaka 2019 akachapisha kitabu kinachodai kwamba fikra za mahali na mwendo ndizo msingi ambao fikra nyingine zote zimejengwa juu yake. Sikubaliani na "zote", lakini hoja anaipigania vizuri.

Udhaifu wa njia hii? Unaona majibu ya mtu na muda aliotumia kujibu, huoni ndani. Kila maelezo unayotoa, mtu mwingine anaweza kuleta maelezo mengine yanayozaa majibu yaleyale, na mnabishana miaka. Tena wanaojaribiwa mara nyingi ni wanafunzi wa chuo, kwa sababu ndio walio karibu.

Mashine: Eleanor Maguire

Huyu alizaliwa Dublin mwaka 1970, akafanya kazi yake kubwa University College London, akafariki Januari 2025. Swali lake lilikuwa: ujuzi wa njia unakaa wapi kwenye ubongo, na je, ukijifunza njia nyingi mahali hapo panabadilika?

Alipata watu wa kumjibu barabarani. Dereva wa teksi nyeusi za London haruhusiwi kufanya kazi mpaka afaulu mtihani unaoitwa kwa kifupi "Maarifa": mitaa kama 25,000 ndani ya maili sita kutoka Charing Cross, pamoja na hospitali, hoteli, vituo vya polisi na kila mlango wa maana. Huchukua miaka mitatu, minne. Utawaona wanaojifunza wakizunguka na vipikipiki kwenye mvua, ubao wenye orodha ya njia umebanwa kwenye usukani. Njia ya kwanza katika kitabu chao hutoka kituo cha Manor House hadi Gibson Square, na ziko nyingine zaidi ya 300 nyuma yake. Kwenye mtihani wa mdomo mkaguzi hutaja mahali pawili, na mtahiniwa hutaja kila mtaa na kila kona, bila ramani.

Mwaka 2000 Maguire na wenzake waliwaingiza madereva 16 kwenye mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili, wakalinganisha ubongo wao na wa watu 50 wasio madereva. Hipokampasi ni kiungo kidogo ndani ya ubongo, kiko upande huu na ule, umbo lake kama farasi wa baharini. Sehemu yake ya nyuma ilikuwa kubwa zaidi kwa madereva, na kadiri dereva alivyokaa miaka mingi kazini, ndivyo ilivyozidi. Sehemu ya mbele nayo ilikuwa ndogo zaidi.

Mwenye kutaka kubisha angesema: huenda waliozaliwa na hipokampasi kubwa ndio wanaofaulu. Au ni shauri la kuendesha gari mjini siku nzima. Ukitaka kuiga kitu kwa Maguire, iga alivyozifunga hoja hizo, moja baada ya nyingine. Mwaka 2006 akalinganisha madereva wa teksi na wa mabasi ya London, watu wa foleni ileile na kelele zilezile, tofauti ni kwamba basi lina njia moja. Madereva wa basi hawakuwa na badiliko lile. (Tafsiri ya nyumbani: konda na dereva wa Mbagala–Kariakoo, hata wakae miaka ishirini, si sawa na bodaboda anayeitwa kila mahali.) Kisha mwaka 2011, yeye na Katherine Woollett wakachapisha matokeo ya kuwafuatilia wanafunzi 79 wa Maarifa tangu mwanzo wa masomo hadi mwisho, na watu 31 wa kulinganisha. Mwanzoni hawakutofautiana. Mwishoni, waliofaulu, 39 kati yao, walikuwa wameongezeka sehemu ile ya nyuma. Walioacha au kufeli hawakuongezeka.

Kulikuwa na gharama pia. Waliofaulu walishindwa na wenzao kukumbuka mchoro mpya wenye mistari mingi. Ukiijaza ghala kwa mitaa 25,000, kuna kitu kitakosa nafasi.

Nyuma ya Maguire, katika chuo kilekile, yuko John O'Keefe, aliyeonyesha mwaka 1971 kwamba ndani ya hipokampasi ya panya kuna seli inayolia kila panya anapofika mahali fulani pa chumba, na si kwingine. Alipewa Nobel mwaka 2014 pamoja na May-Britt na Edvard Moser wa Norwei. Njia ya panya sitaieleza zaidi. Mpwa wangu anaogopa panya.

Kinachovutia kwenye njia ya mashine ni uzito wa ushahidi. Hipokampasi ndiyo huharibika mapema katika ugonjwa wa Alzheimer, na wagonjwa hupotea njia wanazozijua, kwa hiyo kazi hii hufika hospitali. Kinachotisha ni kwamba huwezi kuifanya peke yako. Unahitaji mashine, fundi wa mashine, mwanafizikia wa kukuelewesha picha, fedha za kila saa unayoitumia, na takwimu zenye meno. Mwanafunzi wa uzamivu hukaa mwaka mzima wa kwanza akijifunza kuandika programu kabla hajagusa swali lake. Wengine huupenda mwaka ule. Wengine huuhesabu kama kifungo.

Maguire mwenyewe, kwa kukiri kwake, alikuwa mtu wa kupotea njia. Usiogope kusomea kitu usichokiweza.

Kijiji: Stephen Levinson

Wa tatu ni Mwingereza aliyeongoza idara ya lugha na utambuzi katika Taasisi ya Max Planck ya saikolojia ya lugha, Nijmegen, Uholanzi, tangu miaka ya 1990 hadi alipostaafu. Njia yake ni kufunga mizigo, kwenda kukaa na watu, kujifunza lugha yao, na kurudi tena miaka baada ya miaka. Yeye mwenyewe alikaa sana kisiwa cha Rossel, Papua New Guinea.

Swali lake: je, watu wote duniani wanapanga mahali kwa kulia na kushoto? Jibu ni hapana. Wazungumzaji wa Guugu Yimithirr, kaskazini ya Queensland, Australia, hawasemi "kijiko kiko kushoto kwako". Husema kiko kaskazini yako, hata ndani ya nyumba. (Lugha hii ndiyo iliyotoa neno "kangaroo", lililoandikwa na watu wa Kapteni Cook mwaka 1770.) Wazungumzaji wa Tzeltal wa Tenejapa, milimani Mexico, hutumia mlimani na bondeni: kikombe kiko upande wa mlimani wa sahani.

Jaribio lake maarufu unaweza kulifanya jikoni. Panga wanyama watatu wa kuchezea mezani, wote wanatazama kulia kwa mtu. Mwambie akariri. Mgeuze nyuzi 180, mpeleke meza ya pili, mwambie awapange vilevile. Waholanzi waliwapanga tena wakitazama kulia. Watu wa Tenejapa waliwapanga wakitazama upande uleule wa dunia, ambao sasa ni kushoto kwao. Hawakukosea hao wala hawa. Kila mmoja amehifadhi "vilevile" yake.

Levinson akasema lugha ndiyo inayofundisha akili kupanga hivyo. Mwaka 2002 Peggy Li na Lila Gleitman wakajibu kwamba Wamarekani nao hubadilika ukifungua pazia wakaona nje au ukiweka alama wazi mezani, kwa hiyo ni mazingira, si lugha. Levinson na wenzake wakajibu mwaka uleule, kwa ukali. Ugomvi haujaisha, na ndiyo maana nafasi ya mtafiti mpya ipo.

Hapa mpwa wangu ana mtaji ambao mwanafunzi wa Nijmegen anautafuta kwa miaka mitatu. Kiswahili hakikuruhusu kusema kitu kiko wapi bila kuchagua: funguo *ziko* wapi, *zipo* mezani, *zimo* mkobani. Kiingereza hakikulazimishi uchaguzi huo. Kaskazini na kusini zetu zimetokana na pepo mbili za msimu, kaskazi na kusi, na baharini nahodha hasemi kulia na kushoto anapoagiza tanga. Husema upande wa joshi, unakotoka upepo, na upande wa demani. Je, baharia wa Pangani akipanga wanyama wale mezani atawapanga kama Mholanzi? Na jaribu hili: mwambie bibi yako aweke kikombe mbele ya chungu, kisha mwambie mjukuu aliyesoma Kiingereza tangu chekechea. Clifford Hill alionyesha mwaka 1982 kwamba kwa Wahausa "mbele ya" kitu kama kibuyu huweza kuwa ng'ambo yake, kana kwamba kibuyu kinatazama mnakotazama wote, wakati Mwingereza hukigeuza kimtazame yeye.

Saa pia. Mshale mfupi uko kwenye 7, sisi tunasema saa moja. Kila asubuhi mamilioni ya watu wanasoma namba iliyo upande wa pili wa duara bila kujua wanafanya hesabu ya mahali.

Ubaya wa njia ya kijiji ni muda na upweke. Utafiti mmoja ni miezi, kibali pia ni miezi: Tanzania utapita tume ya sayansi, COSTECH, Kenya NACOSTI, kisha barua ya mkoa, ya wilaya, ya kata, mpaka mwenyekiti wa kijiji. Sampuli ni ndogo. Na ukirudi na jibu, aliye chuoni atakuambia watu wako hawakuelewa swali.

Ukiyaweka pamoja

Kwanza fedha, maana ndiyo inayoua ndoto. Karatasi ni bei ya fotokopi. Kijiji ni nauli, posho na subira. Mashine ni fedha za watu wengine, na mwenye fedha ana swali lake. Kuna hatari ya kumaliza uzamivu ukiwa umejibu swali la msimamizi. Nimeliona hilo kwa mwanafunzi wangu mmoja wa zamani: maabara moja ng'ambo, ufadhili ulikatika mwaka wa tatu, mashine ikapewa mradi mwingine, akaandika tasnifu kwa data za watu waliomtangulia. Alimaliza, ni daktari sasa, ila swali alilosafiri nalo bado analo mfukoni.

Muda wa kuingia ni suala jingine. Marekani unaweza kuingia uzamivu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, miaka mitano au sita, na programu nyingi nzuri hulipa ada na posho kwa kukufanyisha kazi ya ufundishaji au utafiti. Uingereza ni mifupi, mitatu hadi minne, lakini kwa kawaida hutaka uzamili kwanza, na ufadhili wa watu wa nje ni wa kugombania. Uholanzi mwanafunzi wa uzamivu mara nyingi ni mwajiriwa anayelipwa mshahara kwa miaka minne, ila mlango ni mwembamba. Kwa hiyo njia ya Tversky hufunguka zaidi Marekani, ya Maguire London, ya Levinson Nijmegen, ingawa siku hizi zote zina wafuasi kila mahali.

Ushahidi: mashine inashinda, sibishi. Lakini kumbuka kilichofanya kazi ya Maguire isimame si mashine. Wenye MRI wakati ule walikuwa wengi. Yeye alijua kuchagua watu: teksi dhidi ya basi, waliofaulu dhidi ya walioshindwa. Huo ni ufundi wa karatasi na kalamu, uliofanywa kabla mtu yeyote hajalala kwenye mashine.

Na kazi baada ya masomo? Aliyefuata karatasi anaweza kwenda kwenye elimu, mitaala, uchoraji wa ramani, ubunifu wa programu za simu. Aliyefuata mashine ana ujuzi wa data unaouzika popote, hata benki, japokuwa mashine za utafiti kwetu ni chache na hospitali huzihitaji kwa wagonjwa. Wa kijiji ana nafasi chache za kuajiriwa, karibu zote vyuoni.

Ushauri wangu niliutoa bila kuzungusha: aanze na karatasi, akiwa hapahapa, na swali alitoe kijijini. Mashine aiache, isipokuwa akijikuta anafungua kitabu cha hesabu bila kulazimishwa. Sababu yangu ni moja. Njia ya karatasi inampa nafasi ya kukosea mapema na kwa bei nafuu. Tversky alidumu miongo mitano kwa sababu swali likifa wiki hii, wiki ijayo alikuwa na jingine. Aliyesubiri mashine miezi minane hawezi kukubali upesi kwamba swali lake limekufa.

Mama yake, dada yangu, alikuwa anasikiliza kwenye spika. "Kaka, mtoto atakula karatasi?" akauliza. Ni swali la haki. Nikamwambia akiwa na shahada ya ualimu hatakosa darasa la kufundisha, na darasa ndiyo maabara yenyewe.

Nikampa la kuanzia. Mwaka 1991 Tversky, Sol Kugelmass na Atalia Winter waliwapa watoto stika wapange mlo wa asubuhi, wa mchana na wa jioni kwenye karatasi. Wanaosoma Kiingereza waliupanga muda kutoka kushoto kwenda kulia. Wanaosoma Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto. Wa Kiebrania walikaa katikati. Sasa, Kiswahili kiliandikwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu kabla ya hizi, na mpaka leo mtoto wa Tanga au Lamu huanza siku na daftari linaloanzia kushoto, alasiri akaingia madrasa na msahafu unaoanzia kulia. Mtoto huyo ataiweka wapi asubuhi? Na ukimuuliza saa nne ya asubuhi shuleni, kisha saa kumi ya jioni akiwa amekaa kwenye mkeka wa madrasa, atajibu sawasawa?

Jumamosi alinitumia picha sita kwenye WhatsApp. Alikuwa amewakalisha watoto wa jirani barazani, baada ya kuwaomba ruhusa mama zao, akawapa karatasi na vibandiko alivyokata kwenye gazeti: kikombe cha uji, sahani ya wali, taa. Sahani aliibandika yeye katikati, mengine akawaachia. Watano waliweka uji kushoto. Wa sita, kitoto cha miaka saba chenye kofia, aliuweka kulia, taa kushoto, akainuka zake kwenda kucheza.

"Mjomba," ameandika chini yake, "huyu nimuulize tena lini, kabla ya madrasa au baada?"